Daftari nimelihama, deni limenifuata

Chuoni kwetu mwalimu alikuwa na sharti moja lisilopindishwa. Mtoto akishaandikiwa aya zake ubaoni kwa wino wa masizi, haruhusiwi kuuosha ubao ule mpaka awe amesoma, amehifadhi, na amekaa mbele ya mwalimu akasoma kwa moyo bila ya kukosea. Hapo ndipo huambiwa, "Haya, nenda kaoshe." Aliyeosha kabla ya idhini alikula bakora. Wakati ule tukidhani ni ukali wa mwalimu tu. Leo nafahamu kwamba alikuwa akitufundisha habari ya amana: kilichofutwa kabla ya kuingia moyoni kimepotea, na mwenye kuulizwa ni aliyekifuta.

Nimeukumbuka ubao ule, ndugu msomaji, kwa sababu ya simu. Mimi ni mtu wa daftari. Kwa zaidi ya miaka 30 nimekuwa nikiandika shughuli zangu katika daftari dogo la mfukoni: makala ya kupeleka kwa mhariri, arusi ya kuhudhuria, mgonjwa wa kumtazama, fundi wa kumfuata, deni la kulipa. Likijaa moja hununua jingine, na yaliyobaki bila ya kutendeka huyanakili katika ukurasa wa kwanza wa daftari jipya. Sasa nimehama. Nimeingia katika programu ya simu ya kupanga kazi, kama walivyokwisha kuingia wanangu na, nadhani, wengi wenu mnaosoma ukurasa huu. Na kuhama huko kulinikuta mbali na nyumbani, kule Embu, kwenye miteremko ya Mlima Kenya, nikaendelea nako mpaka Meru. Huko ndiko nilikojua kwamba nilikuwa karibu sana ya kuosha ubao kabla ya kuhifadhi.

NYUMBANI KWA MWALIMU

Mwenyeji wangu wa Embu ni mwalimu mstaafu wa Kiswahili, mpenzi wa mashairi, ambaye urafiki wetu ulianzia katika kurasa za gazeti. Yeye huniita Malenga, nami humwita Mwalimu, na majina yetu ya nyumbani tumekwisha kuyasahau.

Nchi ya Embu imekaa kama ngazi. Juu kabisa, jirani na msitu wa mlima, ni majani ya chai. Ukishuka kidogo ni kahawa. Ukizidi kushuka, upande wa Mbeere, nchi huwa kavu, na huko ni pojo, ambazo wao huziita ndengu, pamoja na ile muguka ambayo sisi wa pwani tunaijua vizuri kuliko tunavyopenda. Mwalimu anakaa katikati ya ngazi hiyo, penye kahawa, na zizini ana ng'ombe wawili wa maziwa.

Sisi tuliozoea kazi za bandarini na dukani hudhani mkulima hana saa. Si kweli hata kidogo. Majani ya chai yataka kuchumwa kila baada ya wiki moja au mbili. Kahawa ikishaiva na kuchumwa, yataka kufikishwa kiwandani siku ile ile ikamenywe, la sivyo huanza kuchacha na bei yake huharibika. Ng'ombe naye huja joto kila baada ya siku 21 hivi, na joto lenyewe halidumu hata siku nzima. Mfugaji akikosa saa zile, amekwisha kungoja wiki tatu nyingine, na wiki tatu bila ya mimba ni maziwa yaliyopotea. Akishashika mimba hubeba siku kama 283, na yapata siku 60 kabla ya kuzaa mwenye ng'ombe huacha kumkama ili apumzike. Hebu mtu na azishike hesabu hizo kichwani, pamoja na karo za watoto na mikutano ya chama cha ushirika.

Mama yake Mwalimu alizishika kichwani. Mwalimu mwenyewe alizishika kwa kalenda ya ukutani, iliyojaa viduara vya penseli. Kisha mwaka 2011 ikaanza hapa Kenya huduma ya iCow, iliyobuniwa na Bibi Su Kahumbu. Mfugaji alituma tarehe ng'ombe wake alipopandishwa, naye akawa akiletewa ujumbe mfupi katika simu yake ya kawaida, ya vibonyezo, wa kumkumbusha la kufanya na siku ya kulifanya. Kwa hiyo tusidhani kwamba kukumbushwa kazi na simu ni mambo ya maofisi ya Nairobi na London. Huku milimani kengele ya simu iliingia zizini zamani.

Kutoka kwa ng'ombe, Mwalimu akaingia katika zile programu kubwa za simu za kisasa. Kwa wasiozijua nitazieleza kwa ufupi. Unaandika kazi moja katika mstari mmoja. Mbele yake pana kisanduku. Unaipa siku na saa, na saa ikifika simu inalia. Ukitaka ijirudie kila Ijumaa, itajirudia. Ukishaitenda, unagusa kisanduku, alama ya vema inaingia, na mstari ule unaondoka mbele ya macho yako. Unaweza kumshirikisha mkeo au mwanao orodha moja, kila mtu akaiona katika simu yake.

Programu za namna hii ni nyingi. Mojawapo, Todoist, ilianzishwa mwaka 2007 na kijana mzaliwa wa Bosnia aliyekulia Denmark, Amir Salihefendić. Nyingine, Wunderlist, ilitengenezwa na vijana wa Berlin, ikapata watu mamilioni, ikanunuliwa na kampuni ya Microsoft mwaka 2015, na tarehe 6 Mei 2020 ikafungwa, wenye kazi zao wakaelekezwa kuhamia programu nyingine ya kampuni hiyo hiyo. Nimeitaja habari hiyo kwa sababu moja. Daftari likikaa kabatini litakaa mpaka liliwe na mchwa, lakini nyumba hizi za simu zina wenyewe, na mwenye nyumba akiamua kubomoa, mpangaji hana budi kuhama. Anayeingia leo ajue kwamba iko siku atatoka.

KENGELE YA MAMA

Mwalimu naye amehama zaidi ya mara moja, na katika kuhama kwake liko jambo ambalo alinieleza usiku, tumekaa mbele ya jiko la makaa, huku baridi ya Embu ikinitafuna mifupa.

Mama yake, yule aliyeshika hesabu za ng'ombe kichwani, uzeeni alipata maradhi ya shinikizo la damu. Mwalimu akaweka katika simu kengele ya kila siku, saa moja ya jioni: dawa ya mama. Ikalia kwa miaka minne. Mama akafariki. Jioni ya siku waliyomzika, watu wangali wamejaa uani, kengele ikalia: dawa ya mama. Mwalimu aliizima, lakini hakuwa na moyo wa kuifuta.

Baadaye alipohama programu moja kwenda nyingine, alionyeshwa mahali pa kugusa mara moja tu, kazi zote zikahama kwa mpigo. Alifurahi kwa wepesi ule. Jioni yake, saa moja, simu ikalia katika nyumba yake mpya: dawa ya mama.

"Malenga," aliniambia, "siku ile ndipo nilipojua kwamba simu ilibeba kila kitu, lakini haikujua imebeba nini."

Kwa ajili hiyo, nilipomwambia kwamba nami nimechoka na daftari na wanangu wananicheka, hakuniacha nihame kwa pupa. Alimwita mjukuu wake, msichana wa kidato cha pili, akamwambia, "Babu yako wa Mombasa atakusomea daftari lake, nawe uandike. Mstari mmoja mmoja. Usiandike mstari kabla hajakwambia ni wa nini."

Basi tukaanza. Mimi nikisoma, binti akiandika, na Mwalimu akisikiliza kama kadhi. Tulipofika kazi ya kwanza yenye siku, binti akasema, "Babu, naandika kesho." Programu ina neno hilo tayari, kesho, ukiligusa tu limekubali. Nikamwambia aongeze InshaAllah. Akauliza kama ni kwa mstari huo au kwa yote, maana kioo kitajaa. Mwalimu alicheka, lakini mimi sikucheka, kwa kuwa jambo hilo limo katika Suratul Kahf. Humo Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, aliagizwa asiseme juu ya jambo lolote kwamba atalitenda kesho pasipo kulitegemeza kwa matakwa ya Mwenyezi Mungu, na amkumbuke Mola wake pale anaposahau. Wafasiri husimulia kwamba Makureshi walimuuliza habari za watu wa pangoni, akawaahidi jawabu kesho yake bila ya kulitaja neno hilo, na wahyi ukachelewa siku nyingi. Ikiwa yeye alifundishwa hivyo, sembuse mimi na simu yangu!

Kati ya mistari 61 iliyokuwamo daftarini, tuliipitisha 20 na kitu tu. Mingine ilikuwa matamanio, si kazi: kujifunza Kifaransa, kupaka rangi mlango, kuandika utenzi wa beti elfu. Mingine ilikuwa imekwisha kutendeka bila ya kupigwa mstari. Na mmoja, ambao nilikuwa nimeunakili daftari hadi daftari kwa miaka mitatu, niliuruka kimya kimya. Lakini yule binti ana macho makali. Aliuona.

"Babu, na huu? 'Mzee wa Majengo, Meru. Shilingi 60.'"

"Huo uache," nilisema. "Wa zamani huo."

Mwalimu alinitazama. Hakusema neno.

SAA NANE USIKU

Mstari wa mwisho wa usiku ule ulikuwa safari yangu. Nilikuwa nirejee Nairobi kesho yake kwa gari la saa mbili asubuhi, kisha niteremke Mombasa. Binti alikuwa amekwenda kulala, nikasema mstari huu nitauandika mwenyewe, nami nijaribu ufundi wangu. Nikaandika safari, nikaweka 2, nikaweka alama ya asubuhi, nikalala nikiwa na fahari.

Msomaji amekwisha kunicheka. Saa zetu za Kiswahili twazihesabu tangu kuchomoza jua, na saa ya simu huanza kuhesabu usiku wa manane, kwa hiyo 2 yake ya asubuhi ni saa nane yetu ya usiku. Simu ililia kwa sauti ya kuamsha kijiji. Mbwa walibweka, ng'ombe mmoja akalia zizini, na Mwalimu akapiga kelele kutoka chumbani kwake kuuliza kama pana wezi.

Usingizi ukaniruka. Nikaona maadamu nimeamshwa saa hizo, bora nitawadhe niswali rakaa mbili. Maji ya Embu saa nane usiku si maji ya kawaida, lakini nilitawadha. Na baada ya sala, nimekaa peke yangu gizani, mstari ule niliouruka ulinijia wote, kama ulivyo.

Miaka mitatu nyuma nilikuwa Meru. Baada ya sala ya Ijumaa mzee mmoja wa Kimeru alinishika mkono alipojua natoka Mombasa. Alikuwa ujanani mwake mchukuzi wa bandari ya Kilindini, na huko Mombasa ndiko aliposilimu. Mwaka 1967 alirudi kwao kwa msiba wa ghafla, na kabla ya kupanda gari alikopa shilingi 60 kwa rafiki yake, baharia wa Mji wa Kale. Alinuia kurudi baada ya mwezi. Hakurudi tena kukaa. Alikuja kusikia kwamba yule baharia amekwisha kufa, lakini hakujua kama aliacha watoto. Akaniomba jambo moja: niwatafute warithi wake, niwaambie kwamba deni lipo na mdeni yu hai. Alinipa jina la baharia na jina la mtaa. Nikatoa daftari, nikaandika, nikamwambia, "Nitafanya, Baba, InshaAllah."

Ni hayo tu. Kisha nikarudi Mombasa, na kila mwaka nikawa naunakili mstari ule kwa mwandiko mzuri.

Sisi tuliopita vyuoni hatuna udhuru katika habari ya deni. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani, katika Suratul Baqara, inahusu deni, na amri yake ni kwamba liandikwe, dogo au kubwa, mpaka muda wake. Twajua pia hadithi ya maiti aliyeletwa mbele ya Mtume asaliwe, akauliza kama ana deni, akaambiwa analo, akawaambia masahaba wamsalie wao, mpaka Abu Qatada aliposimama akalichukua deni lile juu yake. Mzee wa Meru alikuwa ameitafuta njia ya kutoka duniani bila ya mzigo huo, na njia yenyewe ilikuwa imelala katika mfuko wa shati langu. Na usiku ule nilikuwa nimeamuru ifutwe, kwa kuwa ulikuwa mstari wa zamani.

Kulipopambazuka nilimwambia Mwalimu, "Sirudi Nairobi. Nakwenda Meru." Alisema tu, "Nilijua," akaniwekea viazi vitamu na chai.

KAZI ZA MBWAA

Matatu ya kutoka Embu kwenda Meru huzunguka ubavu wa mlima kupitia Runyenjes, Chuka na Nkubu, ikishuka mabondeni penye mito na kupanda tena, mpaka masikio yakazibuka na kuziba. Baada ya Nkubu, kabla ya kuingia Meru mjini, barabara hukata mstari wa ikweta. Nilimwonyesha jirani yangu garini kwamba hapa ndipo saa za Kiswahili zinapokaa sawasawa, kwani mchana na usiku hukaribia kulingana mwaka mzima. Baada ya aibu ya usiku ule, nilihitaji kuzitetea.

Mzee nilimkuta yu hai, Alhamdulillahi, amekaa kwenye kiti kirefu nje ya nyumba yake ya Majengo. Umri wake sasa umepita miaka 80. Alinitambua kwa sauti. Nilikuwa nimetayarisha udhuru mwingi garini, lakini nilipokaa mbele yake yote yaliniponyoka. Nikasema, "Baba, ile kazi uliyonipa sikuifanya. Niliiandika, lakini sikuifanya. Nina mambo mengi mno, na jana nilikuwa karibu kuifuta."

Hakukasirika. Aliagiza chai, akaniuliza, "Mwanangu, unaijua habari ya Mbwaa?"

Naijua kwa kusoma, nikamwambia, lakini sikupata kuisikia kutoka kwa Mmeru. Akanisimulia, nami naileta kwa kifupi, kwa kuwa inatuhusu.

Wameru husimulia kwamba asili yao ni kisiwa walichokiita Mbwaa, upande wetu wa pwani. Wako wanahistoria waliokitafuta kisiwa hicho huku huku kwetu, Manda, jirani ya Lamu. Walikaa chini ya watu waliowaita Nguo Ntuune, yaani watu wa nguo nyekundu, na wengi huwadhania hao kuwa Waarabu au Waswahili wa zamani. Basi tukiisikia hadithi hii tusijifanye wageni. Watu hao waliwatwika Wameru kazi, moja baada ya nyingine, kila moja ngumu kuliko iliyotangulia. Walitakiwa walete ndama atoaye samadi nyeupe. Walitakiwa walitoe tunda lililotumbukia katika shimo refu. Wakamimina maji shimoni, tunda likaelea. Walitakiwa walete viatu vya ngozi vyenye manyoya pande zote mbili. Wakavikata katika ile ngozi inayoning'inia shingoni mwa ng'ombe. Mwishowe wakatakiwa walete mkuki mrefu wa kufika mbinguni. Hapo kiongozi wao, Koomenjwe, na wazee wenziwe wakafahamu kwamba orodha ile haikukusudiwa kwisha. Wakafunga mizigo, wakaondoka, wakavuka maji.

Na walivuka kwa mafungu. Waliovuka usiku wakaitwa weusi, waliovuka alfajiri wakaitwa wekundu, na waliovuka mchana wakaitwa weupe. Na koo za Wameru hugawika hivyo mpaka leo, Njiru, Ntune na Njeru. Jeffrey Fadiman, mwanahistoria wa Kimarekani, aliyakusanya masimulizi ya wazee hao akayachapisha kitabuni mwaka 1993, lakini kabla ya kitabu habari hiyo iliishi karne na karne bila ya karatasi. Imeandikwa katika watu. Mtu akitaja ukoo wake, ametaja saa babu yake aliyovuka.

Mzee alipomaliza alinyamaza, akanywa chai yake. Kisha akasema, "Kazi za Mbwaa zilikuwa za kutwishwa. Mtu akikutwisha mkuki wa mbinguni, kimbia, wala hapana lawama. Lakini mimi sikukutwisha. Nilikuuliza, ukasema ndiyo."

Sina la kuongeza juu ya maneno hayo. Nilitoa simu, nikauandika mstari ule mbele yake kwa mkono wangu, na safari hii niliandika jina lake kamili, jina la baharia, mtaa, na siku. Simu ikaniuliza: lini? Nikaweka Jumatatu. Nikaongeza InshaAllah, na kioo kijae kikitaka.

SIKU TATU

Jumatatu nilikuwa Mji wa Kale. Baada ya sala ya alasiri nilikaa barazani nikataja jina la baharia. Mzee mmoja alilijua, akanielekeza kwa mwingine, na huyo akanielekeza kwa mwanamke mmoja anayekaa nyumba ya nne kutoka msikitini. Siku ya tatu, Jumatano, nilikuwa nimeketi ukumbini kwa binti ya yule baharia, naye sasa ni bibi mwenye wajukuu. Miaka mitatu daftarini, siku tatu kwa miguu.

Kabla ya kwenda kwake nilimuuliza shehe mmoja habari ya thamani: shilingi 60 za mwaka 1967 si shilingi 60 za leo. Alinijibu kwamba wanazuoni wengi huona deni hulipwa kwa hesabu yake ile ile, na kitakachozidi ni hisani ya mdeni kwa ridhaa yake. Mzee wa Meru, nilipompigia, hakutaka hata kusikia habari ya 60. Alimwambia mjukuu wake atume shilingi 6,000 kwa simu.

Yule bibi alisikiliza kisa chote, akajifuta macho kwa upindo wa leso. Alisema babake hakuwahi kulitaja deni hilo hata siku moja. Akachukua shilingi 60, akazihesabu mkononi mwake, na zilizobaki akazirudisha kwangu. "Hizi ndizo za babangu," alisema. "Hizo nyingine mwambie azitolee sadaka kwao, amuombee dua."

Nilipiga simu Meru nikiwa bado nimekaa pale, nikampa asikie sauti ya bibi mwenyewe. Sikusikia walichosemezana. Aliponirudishia simu, mzee alikuwa kimya kwa muda, kisha akaniuliza neno moja: "Umeandika?"

Nilikuwa nimekwisha kugusa kisanduku. Vema ilikuwa imeingia na mstari umeondoka, na kioo kilikuwa cheupe kana kwamba halikuwako jambo. Nikafahamu anachotaka. Nilitoa daftari langu la zamani, nikaandika kwamba deni limelipwa, kiasi, siku, na majina ya waliokuwapo. Bibi akatia sahihi yake, na mjukuu wake akatia yake.

Msomaji anayetaka kuhama kama mimi, na ahame, sina ugomvi na simu. Kengele zake zimenisaidia tangu siku ile, na sasa najua kuweka saa. Lakini asihame kwa kugusa mara moja. Anakili kwa mkono, mstari mmoja mmoja, na kila mstari auulize: wewe ni matamanio yangu, kazi yangu, au ahadi ya mtu? Matamanio yakibaki nyuma hayamdhuru mtu. Kazi itajitetea yenyewe. Ahadi ya mtu iandikwe na jina lake mwenyewe, kwani mstari usio na jina ni mwepesi kufutwa. Na deni na wasia vibaki pia katika karatasi, mbele ya mashahidi, kwa kuwa simu huanguka baharini, na nyumba za programu, kama tulivyoona, hubomolewa.

Daftari lile bado liko mfukoni. Katika ukurasa wake wa mwisho, chini ya sahihi mbili, nimeandika ubeti huu:

Kalamu ilipokoma, simu mahali kashika,
Ahadi zilizokwama, moyoni hazijatoka,
Muungwana akisema, kwa ulimi hufungika,
Deni la mtu ni zima, simuni likifutika.